Kati ya SEAL Team Six, SBS na Commando Hubert, nani hasa alizaliwa kwa ajili ya magaidi wa baharini? (ulinganisho)

MkiaWaNyangumi

Wakuu salaam. Kila uzi wa makomandoo wa majini ukifunguliwa humu, komenti ya tatu tu mtu kashaleta Abbottabad, Mei 2011, Osama kauawa, basi SEAL Team Six ndo baba lao mjadala umefungwa. Na mimi nilikuwa kundi hilo hilo kwa miaka. Ila nilivyoanza kusoma kikosi kimetokea wapi nikakuta ile nyumba ya Abbottabad haina uhusiano wowote na sababu ya wao kuanzishwa, hakuna bahari pale, hakuna meli, hakuna hata mateka.

Turudi 1980. Aprili mwaka huo Marekani wakajaribu kuwatoa watu wao zaidi ya 50 waliokuwa wameshikiliwa Tehran baada ya ubalozi kutekwa. Helikopta nane zikaruka kutoka meli ya kubeba ndege USS Nimitz, na mpango ulisema zisipopatikana angalau sita nzima pale jangwani basi kazi haiendelei. Zikafika sita, moja ikaonekana mbovu, zikabaki tano, wakaamua kurudi, na katika kuondoka helikopta moja ikagonga ndege ya mafuta. Wanajeshi wanane wakafa pale pale jangwani hata adui hajaonekana.

Ndo baada ya hapo Richard Marcinko, mkongwe wa Vietnam ambaye alikuwa Pentagon kwenye timu iliyokuwa inahangaika na suala la wale mateka, akapewa kazi ya kuunda kikosi cha jeshi la maji cha kupambana na ugaidi peke yake. Kikaanza rasmi Novemba 1980. Timu za SEAL zilikuwa mbili tu wakati huo, ya Kwanza na ya Pili, zote za 1962, yeye akaiita ya Sita makusudi ili Wasovieti wahangaike kutafuta hizo nyingine tatu ziko wapi. Kazi waliyopewa ni meli za abiria, matanka, mitambo ya mafuta katikati ya bahari, yaani gaidi akishika watu sehemu yenye maji pembeni basi hawa ndo wanaitwa.

Sasa naomba tulinganishe watatu. Team Six wa Marekani (jina la karatasini tangu 1987 ni Naval Special Warfare Development Group, wengi wanasema DEVGRU), SBS wa Uingereza, na Commando Hubert wa Ufaransa. Kipimo changu ni kimoja, nani amebaki karibu na ile kazi ya majini, na mateka wametoka hai au hawakutoka. Idadi ya maadui waliouawa siitaki kwenye uzi huu tafadhali.

Sajenti_Mpole

Mkuu umefungua uzi mzuri ila hapo mwanzo umewapunja Team Six. Ni kweli walizaliwa kwa ajili ya meli lakini mafunzo yao hayajawahi kuacha maji. Hebu angalia njia yenyewe, mtu anapita kwanza yale mafunzo ya msingi ya SEAL ya wiki 24, anaenda timu ya kawaida anatumika miaka kadhaa, anaenda vitani anarudi, ndo anaruhusiwa kuomba. Akiomba anaingizwa kundi la mchujo wanaliita Green, wanapigishwa kazi kwa miezi na wengi wanarudishwa walikotoka, na kumbuka hao wanaorudishwa ni SEAL tayari, sio raia.

Wakipita wanagawanywa kwenye skwadroni zenye majina ya rangi. Red, Blue, Gold na Silver ndo za kuvamia, Black ni upelelezi, na Gray hii ndo watu wengi hawaijui, ni watu wa boti na vyombo vya usafiri. Kikosi kilichosahau bahari hakiwezi kuwa na skwadroni nzima ya boti.

Alafu mfano mkubwa kabisa uko Aprili 2009, Maersk Alabama. Meli ilikuwa inaelekea Mombasa, sehemu ya mzigo ni chakula cha msaada, maharamia wanne wakapanda, kruu wakajificha chini, mwisho maharamia wakaondoka na Kapteni Richard Phillips kwenye boti ya kuokolea. Team Six wakasafirishwa kutoka Marekani, wakaruka na parashuti baharini, wakapandishwa manowari USS Bainbridge. Tarehe 12 ile boti ya kuokolea ikiwa inavutwa kwa kamba nyuma ya manowari, bahari inapanda na kushuka, giza limeshaingia, wadunguaji watatu wakalala nyuma ya manowari wakasubiri mpaka vichwa vitatu vionekane kwa wakati mmoja. Risasi tatu na kapteni mzima. Yule haramia wa nne alikuwa tayari kwenye manowari kwa mazungumzo na jeraha la mkononi, akaenda kufungwa Marekani miaka zaidi ya 33.

Sasa niambie kwa kipimo chako hicho hicho cha mateka kutoka hai, nani ana kazi safi kuliko hiyo?

Kijana wa Doria

Hapo kwenye Phillips hakuna ubishi. Wewe unasimama juu ya kitu kinachoyumba, unalenga kitu kingine kinachoyumba kivyake, na kati ya shabaha zako kuna mtu ambaye hutakiwi kumgusa. Mie nawavulia kofia.

Mtafiti_Huru

Sajenti sikatai, ila nisaidie jambo. Kazi kama ile ya 2009 Team Six wameifanya mara ngapi tangu 1980? Mimi nimetafuta nimekuta chache sana. Ile waliyozaliwa kwa ajili yake hasa ilikuja Oktoba 1985, meli ya abiria Achille Lauro, magaidi wanne, na kule ndani wakamuua mzee wa miaka 69 aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, Leon Klinghoffer, wakamtupa baharini. Kikosi kilikuwa njiani kinajiandaa kuipanda meli usiku, lakini watekaji wakaelewana na Misri wakashuka kabla. Ikaishia uwanja wa ndege wa Sigonella kule Sicily, ndege ya Misri iliyowabeba imelazimishwa kutua na ndege za kivita za Marekani, makomandoo wa Marekani wameizunguka ndege na wanajeshi wa Italia wamewazunguka makomandoo, bunduki zinatazamana kati ya marafiki. Wakaachiwa Waitaliano. Mimi naona meli ile ilibadilisha sheria kuliko ilivyobadilisha vikosi, maana 1988 ndo mataifa yakasaini Rome mkataba wa kuzuia vitendo vya uhalifu dhidi ya usalama wa vyombo vya baharini, na chanzo ni Klinghoffer.

Kabla ya hapo 1983, Marekani walipovamia kisiwa cha Grenada, wanne wa Team Six wakazama wakiruka na parashuti usiku na boti zao. Hawakuuawa na adui. Ilikuwa waruke kukiwa na mwanga bado, ratiba ikachelewa, upepo na mawimbi vikaongezeka, na mizigo mwilini mizito. Hii naomba tuikumbuke maana tutairudia.

Sasa SBS. Hawa mizizi yao ni Julai 1940, Roger Courtney, mtu aliyekuwa mwindaji huku Afrika Mashariki kabla ya vita. Wakubwa walikuwa hawaamini kwamba kayaki ya turubai ina kazi vitani, akatoka nayo usiku Scotland akaenda mpaka kwenye meli yao wenyewe HMS Glengyle ikiwa imetia nanga, akapanda, akaweka alama zake, akashuka bila mlinzi yeyote kumuona. Hapo wakamwelewa. Kikosi kimejengwa juu ya mtu mmoja kukaribia meli bila kusikika, magaidi wamekuja kuongezwa baadae tu.

Na hao magaidi walikuja kuongezwa mapema kuliko Marekani. Mei 1972 mtu kapiga simu New York anadai dola 350,000 la sivyo mabomu yatalipuka kwenye QE2, meli ya abiria ya Waingereza, ikiwa katikati ya Atlantiki. Wanaume wanne, wakiwemo wa SBS na mtaalamu wa mabomu wa jeshi, wakaruka na parashuti wakaangukia baharini pembeni ya meli, wakaipekua. Hapakuwa na bomu. Ila Waingereza walishajua kuanzia hapo kwamba siku yoyote wataitwa, alafu mafuta ya Bahari ya Kaskazini yakaanza kutoka, mitambo imesimama peke yake kwenye baridi, mtu akiiteka utafanyaje. Nane tisa kabla Marcinko hajapewa ofisi Waingereza walikuwa wanalijadili hilo tayari.

Sajenti_Mpole

> Mtafiti_Huru alisema: Nane tisa kabla Marcinko hajapewa ofisi...

Miaka nane unamaanisha, 1972 mpaka 1980. Sawa nakubali walianza kufikiria mapema. Kufikiria na kuwa na kikosi kizima ambacho asubuhi mpaka jioni kazi ni hiyo moja ni vitu viwili tofauti lakini.

Mtafiti_Huru

Ni kweli miaka nane, niliandika haraka. Na hoja yako ya pili ina uzito. SBS hawakuanzishwa kikosi kipya, waliongezewa jukumu juu ya yale waliyonayo, na ulinzi wa ile mitambo ya mafuta wakapewa pia Royal Marines wengine, Comacchio Company, iliyoundwa 1980 hiyo hiyo. Sahivi ndani ya SBS ni skwadroni M ndo inabeba ugaidi wa baharini.

Bi Tausi

Naona Wafaransa mmewaacha nje ya mlango, acha niwaingize.

Commando Hubert amepewa jina la luteni Augustin Hubert aliyeuawa Ouistreham tarehe 6 Juni 1944, siku ile ya kutua Normandy. Kambi yao iko Saint-Mandrier karibu na Toulon. Tofauti yao kubwa na wale wawili ni kwamba hawa ni wapiga mbizi kwanza. Huwezi kwenda Hubert moja kwa moja, unatumika kwanza kwenye makomandoo wengine wa jeshi la maji, ndo unaenda kozi ya upiga mbizi wa kivita ambayo inakunyonya kweli kweli, masaa na masaa chini ya maji usiku na dira mkononi. Wanatumia vifaa vya oksijeni tupu vinavyozunguka hewa ndani kwa ndani, hakitoki kiputo hata kimoja juu, ila oksijeni hiyo ukizama nayo chini ya mita chache inageuka sumu, kwahiyo anaogelea kwenye tabaka jembamba, akipanda anaonekana akishuka anapata degedege. Team Six na SBS nao wanayo mafunzo haya, lakini kwa Hubert ndo mlango wa kuingilia.

Kazi zao sasa. Aprili 2008 yoti kubwa Le Ponant, kruu 30, imetekwa pwani ya Somalia. Hubert pamoja na GIGN, ambao ni askari wa polisi ya kijeshi, wakaruka baharini kwa parashuti wakajipanga. Kampuni ikalipa fidia, watu wote 30 wakatoka salama, na baada tu ya mateka kuwa mikononi helikopta zikawafuata watekaji nchi kavu wakakamatwa sita. Wakapelekwa Paris mahakamani, 2012 wanne wakahukumiwa, wawili wakaachiwa huru. Mimi naipenda sana kazi hii kwa sababu ya mpangilio wake, mtu kwanza haramia baadae.

Mwaka mmoja mbele, Aprili 2009, siku mbili tu kabla ya ile ya Phillips, boti ya tanga Tanit. Familia ndani, na mtoto wa miaka mitatu. Mazungumzo yakakwama, wakavamia, wanne wakaokolewa akiwemo yule mtoto, ila baba yake Florent Lemaçon akafa, na uchunguzi ukaonyesha risasi ilikuwa ya Wafaransa. Chombo chenyewe ni kidogo mno, chumba kimoja chini ya sitaha, watekaji na mateka wamebanana pamoja, mtu anaingia ana sekunde moja ya kuamua nani ni nani.

Ndo maana wakuu mtu akiniuliza nani bora huwa nauliza kwanza chombo kilikuwa na ukubwa gani. Phillips alikuwa kwenye boti iliyofunikwa pande zote lakini boti ile ilishafungwa kamba, wakati ulikuwa upande wa Wamarekani. Tanit ilikuwa inasogea kuelekea pwani na ikifika huko mateka wanapotea.

Kijana wa Doria

Aisee hiyo ya Tanit sikuwa naijua, imenikaa vibaya. Dada Tausi umeandika vizuri.

Baharia Mkongwe

Nimesoma yote toka juu nikasubiri. Mimi nimefanya kazi meli za mizigo miaka mingi, sio mwanajeshi, ila nimepita Ghuba ya Aden kipindi kile kibaya, kwahiyo naomba niseme upande wa yule anayesubiri kuokolewa.

Sisi tulifundishwa hivi, wakipanda, kila mtu akimbilie chumba cha kujifungia, kinakuwa na mlango wa chuma, maji, redio, na ikiwezekana mnaweza kuzima injini mkiwa humo humo. Unaweza ukaona ni jambo dogo lakini kwa hawa makomandoo ni kila kitu. Kruu wote wakiwa ndani na wakathibitisha kwa redio kwamba hakuna aliyebaki nje basi kila anayetembea juu ni adui, wanashuka bila wasiwasi wa kumpiga mpishi. Akibaki mmoja tu nje, hesabu yote inavurugika.

Angalieni Oktoba 2020 tanka la mafuta Nave Andromeda, limetoka Lagos linaenda Southampton, ndani wazamiaji saba, wale wa kujificha melini. Wakaanza vurugu, kruu 22 wakajifungia. Usiku karibu na Isle of Wight SBS 16 wakashuka kwa kamba toka helikopta, dakika tisa kila kitu kimekwisha, hakuna aliyekufa wala kuumia vibaya. Watu wakasifia dakika tisa. Mimi nawasifia pia ila zile dakika tisa zilitengenezwa na kruu waliofunga mlango mapema. Na baadae waendesha mashtaka wakafuta kesi kwa kukosa ushahidi wa kutosha, kwahiyo tusiwaite magaidi wale vijana, walikuwa wazamiaji.

Wakorea nao Januari 2011 meli ya kemikali Samho Jewelry, watu 21. Mara ya kwanza walijaribu wakajeruhiwa watatu wakarudi nyuma. Siku tatu baadae alfajiri wakapanda kwa boti, manowari yao na helikopta vikipiga kuzubaisha, maharamia wanane wakafa, watano wakakamatwa, watu wote 21 wakatoka hai. Kapteni Seok Hae-kyun alipigwa risasi nyingi sana akapona. Huyu kapteni alikuwa anaizungusha meli makusudi isifike Somalia, anachelewesha. Wahindi nao Machi 2024, MARCOS, makomandoo wa jeshi lao la maji, wakaangushwa na ndege kubwa pamoja na boti zao wakasaidiana na manowari INS Kolkata kuikamata MV Ruen, masaa kama 40 ya kuizunguka na kuongea, maharamia 35 wakajisalimisha, kruu 17 wazima. Hawa wawili hawamo kwenye orodha yako MkiaWaNyangumi lakini kwa kipimo chako cha mateka hai naona wanastahili kiti.

Na kingine. Kupanda meli inayotembea mtu asikudanganye. Meli tupu isiyo na mzigo ubavu wake unasimama juu kama ghorofa, chuma kimelowa na mafuta, boti yao chini inapanda na wimbi inashuka, wanainua mti mrefu wenye ndoano na ngazi nyembamba ya waya, wa kwanza anapanda na kilo zote za silaha mgongoni. Tangu Courtney na kayaki yake mpaka leo sehemu hii haijabadilika sana.

Sajenti_Mpole

Mzee wetu heshima kwako. Nakubali hoja ya kruu.

Ila tuseme ukweli mwingine, Team Six hawakujitoa baharini kwa kupenda. Baada ya Septemba 2001 vita ikawa Afghanistan, alafu Iraq, na wakuu wa JSOC, kamandi ya Marekani inayosimamia vikosi hivi maalumu, walitaka watu wa kuvamia nyumba usiku, kila usiku, ndo wakageuzwa kuwa hivyo. Gharama yake wameilipa, Agosti 6 2011 helikopta moja imedunguliwa Afghanistan watu 38 wamekufa, kati yao watu wa Team Six wengi, wa Gold. Miezi mitatu tu toka Abbottabad. Na nchi kavu nako wamewatoa mateka, Januari 2012 Somalia walishuka na parashuti wakatembea gizani wakawatoa wafanyakazi wawili wa misaada, Jessica Buchanan na Poul Hagen Thisted, watekaji tisa wakafa, mateka hawakuguswa.

Bi Tausi

Na Oktoba 2010 Kunar, huko huko Afghanistan? Linda Norgrove, Mskoti, mfanyakazi wa misaada. Mwanzo ilisemwa kalipuliwa na watekaji, uchunguzi ukaja kuonyesha ni bomu la mkono lililorushwa na mwokoaji mmoja. Wewe umeweka wawili waliotoka, huyu naye lazima awekwe, ndo kipimo tulichokubaliana.

Na hata Hubert wameburuzwa jangwani vile vile. Usiku wa Mei 9 kuamkia 10, 2019, kaskazini mwa Burkina Faso, wapiga mbizi wa baharini wako kwenye mchanga maili na maili kutoka maji yoyote ya chumvi, wanatambaa kuelekea vibanda vya watekaji. Walijizuia kufyatua mpaka wamefika kama mita kumi kwa sababu hawakuwa na uhakika mateka wako kibanda gani. Cédric de Pierrepont na Alain Bertoncello wakauawa kwa risasi za karibu kabisa. Mateka wanne wakatoka hai, wawili kati yao hata haikujulikana kabla kwamba wako pale. Mimi siku ile nililia, na nikisoma tena nalia.

Sajenti_Mpole

Norgrove nilimwacha na sikupaswa kumwacha. Na 2011 Februari yoti Quest pia, Wamarekani wanne wameuawa na maharamia manowari za Marekani zikiwa zimewazunguka na mazungumzo yanaendelea, SEAL walipofika sitahani walikuwa wamechelewa. Naweka hapa mwenyewe.

Hao wawili wa Hubert nasimama kwa heshima.

MkiaWaNyangumi

Wakuu nimesoma kila mstari. Niseme nilipofika.

Swali langu la asili, nani alizaliwa kwa ajili ya magaidi wa baharini, jibu ni Team Six, hapo sibadiliki. Hao wengine wawili walikuwepo kabla, kwa vita vingine, wakaongezewa ugaidi. Marcinko alianza na karatasi nyeupe, na kazi ikiwa moja. (Yeye mwenyewe alikuja kufungwa, 1990 alihukumiwa miezi 21 kwa njama kwenye bei ya mabomu ya mkono ya serikali, lakini kikosi kikaendelea.)

Ila nani kabaki karibu na kazi ile, hapo nawapa SBS. Nave Andromeda ni mfano wa kitabu, na nchi yao ni kisiwa, mafuta yao yako baharini, hawawezi kuiacha hata wakitaka. Hubert nawaweka juu kwa upiga mbizi na kwa ile ya Ponant, mtu kwanza haramia baadae, hiyo Bi Tausi umenibadilisha kabisa, mimi nilikuwa naona kulipa fidia ni kushindwa. Na Wakorea na Wahindi mzee wangu umeniumbua, nilipaswa kuwaweka toka mwanzo.

Nina swali moja tu limebaki kwako Baharia. Umesema sehemu ya kupanda haijabadilika tangu Courtney. Na Mtafiti alisema turudi kwenye wale wanne wa Grenada. Sasa sahivi kuna miwani ya kuonea gizani, kuna ndege zisizo na rubani, boti zina kasi ya ajabu. Bado mtu anazama kama 1983 kweli?

Mtafiti_Huru

Ndo hapo nilipotaka tufike. Mzee jibu wewe.

Baharia Mkongwe

Anazama mwanangu.

Januari 11 2024, usiku, bahari ya Somalia, jahazi lisilo na bendera limebeba vipuri vya makombora kutoka Iran kwenda Yemen. Hawa hawakuwa Team Six, walikuwa SEAL wa timu ya Tatu, wametoka na boti kwenye meli USS Lewis B. Puller. Mawimbi yalikuwa makubwa. Mmoja akarukia kushika ukingo wa jahazi mkono ukateleza, akaanguka katikati ya boti na jahazi. Mwenzake akaona, akaruka kumfuata, ndo walivyofundishwa, humuachi mwenzako. Mizigo waliyokuwa nayo mwilini ilikuwa mizito kuliko vifaa vya kuelea walivyovaa, na uchunguzi wa jeshi lenyewe ukasema mafunzo ya vifaa hivyo vya kuelea hayakuwa sawasawa na vifo vile vingeweza kuzuilika.

Toka wa kwanza kuanguka mpaka wote wawili kutoonekana tena ilikuwa sekunde 47. Kwenye jahazi hakuna aliyefyatua risasi.